Grisi Inayosikia

1

Mashine ilikataa kukata Jumatatu asubuhi, shafti ya pampu ikiwa imeshabanwa kwenye taya zake na Eliwaza Mkumbo ameshavaa miwani ya kazi. Kioo cha mashine kiligeuka rangi ya chungwa, kikaandika: Grisi imechoka. Kazi imesimamishwa. Subiri Mamlaka.

Eliwaza alizima, akawasha tena. Maneno yakarudi yale yale. Akavua miwani, akaenda kusimama mlangoni mwa karakana, mahali ambapo upepo wa mji wa Munyu ulikuwa ukipeperusha vumbi jeupe la chumvi kutoka ziwani, akakaa hapo mpaka hasira ilipopungua kiasi cha kuweza kuzungumza na mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Kitundu, fundi mwenzake tangu walipokuwa chuo cha ufundi. Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya mashine, kiganja chake juu ya nyumba ya beringi kama anayepima homa ya mtoto. Alisema kwamba hata bila kioo kusema, beringi zenyewe zilikuwa zimeanza kulia tangu wiki iliyopita, na yeye alikuwa amenyamaza kwa sababu hakujua la kufanya.

Mashine ile ya kukereza ilisogeza kisu chake kwa skrubu ndefu iliyozunguka ndani ya nati iliyojaa gololi. Mwisho wa skrubu, ndani ya nyumba ndogo ya chuma, kulikuwa na beringi mbili zilizopeana migongo. Hizo ndizo zilizobeba msukumo wote. Kisu kilipokandamiza chuma, chuma nacho kilikisukuma kisu, na msukumo huo ukapita kwenye skrubu mpaka ukaishia kwenye beringi. Zikiwa na grisi nzuri, skrubu haichezi hata kwa unene wa unywele. Zikikauka, zinapata joto, zinalegea, na shafti inayotoka hapo ni ya kutupa.

Kwa hiyo mtu aliyetaka kujua mashine imekata nini hakuhitaji kamera. Ilitosha kusikiliza beringi. Mamlaka ya Amani ya Mashine iliyajua hayo, ndipo ikaleta grisi ya bluu. Ndani yake mlikuwa na chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo zilihisi kila msukumo na kuukumbuka. Juu ya nyumba ya beringi kulipachikwa kifaa cha duara ambacho mafundi walikiita sikio. Sikio lilizisoma chembe na kupeleka habari, na huko Mamlaka waliweza kuchora upya kila kilichokatwa, iwe boliti, gia, au shafti ya pampu. Mtutu wa bunduki nao waliuona, na mashine ilifungwa kabla haijaumaliza.

Eliwaza hakuwahi kuichukia grisi ile. Katika miaka ya vita vya visima, kila karakana ya ukanda ule ilikuwa imegeuka kiwanda cha silaha, na kaka yake Yona aliuawa sokoni kwa bunduki iliyokerezwa na fundi wa kawaida tu, mtu aliyekuja kujitetea kwamba alidhani anatengeneza bomba. Grisi ya bluu ilipofika Munyu, Eliwaza alikuwa wa kwanza kuipokea. Mafundi wengine walinung'unika kwamba wanapelelezwa. Yeye aliwaambia kwamba asiye na la kuficha apokee, na anayeona uchungu akamuulize mama wa Yona jinsi mwanawe alivyofungwa sanda.

Lakini chembe zile zilikuwa na mwisho wake. Zilipochoka zilikufa, na zilipokufa ziligeuka ngumu, zikaanza kusaga beringi kama mchanga. Dawa ilikuwa kuziosha na kujaza grisi mpya, na grisi mpya ilitoka Mamlaka peke yake. Sasa Mamlaka ilikuwa imeacha kuileta. Katika mji mwingine wa wilaya hiyo mtu mmoja aligunduliwa akilidanganya sikio, na hapo wilaya nzima ikaambiwa isubiri uchunguzi uishe. Eliwaza alikuwa ameomba, akaomba tena, akajibiwa kila mara kwa upole kwamba asubiri.

2

Munyu una umeme wa kumwaga, kwa sababu upepo wake haupumziki na mitambo ya upepo imesimama kwenye kila kilima. Kisichokuwepo ni maji. Ziwa lipo pale pale, pana na la kupendeza, ila maji yake ni chumvi tupu. Maji ya kunywa yanatoka kwenye kisima kirefu, na shafti ya pampu ya kisima hicho ilikuwa imekatika Jumamosi.

Mchana huo Eliwaza alikwenda hospitali kuwaeleza kwamba shafti haikutengenezwa. Angeweza kupiga simu. Alikwenda kwa miguu kwa sababu aliona ni aibu kuwaambia watu habari kama ile bila kuwaangalia usoni. Muuguzi aliyempokea hakumlaumu. Alimwongoza tu mpaka wodi ya watoto, akamwonyesha.

Watoto walikuwa wakiharisha. Familia zao zilikuwa zimeanza kuchemsha maji ya ziwa, zikidhani kuchemsha kutaondoa chumvi. Dawa ya kuwanywesha ilikuwepo, maboksi yamepangwa mpaka darini, lakini ni unga, na unga huo huchanganywa na maji baridi yasiyo na chumvi. Matangi ya hospitali yalikuwa yamebaki na maji ya chini, yale yenye matope. Muuguzi alisema wanayachuja kwa kanga na kuwagawia watoto kwa kijiko, wakianza na walio hoi zaidi. Mama mmoja aliyempakata mtoto alimuuliza Eliwaza kama yeye ndiye fundi. Alipoitikia, yule mama alimtazama usoni. Kisha akageukia ukutani kumnyonyesha mwanawe.

Eliwaza alirudi karakana akiwa ameshaamua. Kitundu aliliona hilo kwenye namna alivyovua viatu vyake na kuvaa vya kazi.

Eliwaza akamwambia anachotaka kufanya. Watalitoa sikio. Mashine ikikosa sikio hujiona kama iko bado kiwandani ilikotoka, kabla ya kufungiwa chochote, na itatii mikono ya fundi. Halafu watafungua nyumba ya beringi, waoshe grisi ya bluu yote kwa mafuta ya taa, wajaze grisi ya kawaida ile nyeupe inayotumika kwenye mitambo ya upepo. Wakate shafti. Hakuna fundi ambaye hakuwa amewahi kuliwaza jambo hilo. Kilichowazuia ni kwamba sikio likitolewa hupiga ukelele unaofika Mamlaka papo hapo, na adhabu yake ni kifungo.

Kitundu hakuzungumzia kifungo. Alikaa juu ya kigoda chake, akafuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa michafu.

"Eliwaza, mimi nilibeba jeneza la Yona," alisema. "Hiyo bluu ikitoka hairudi. Leo tunakata shafti ya pampu. Kesho atakuja mtu na mchoro wake, na hakutakuwa na wa kujua."

"Tutajua sisi."

"Sisi ni watu. Watu wanatishwa."

Kitundu alikuwa amesema kweli, na Eliwaza mwenyewe alikuwa ameyasema maneno kama hayo kwa watu wengine miaka mingi. Alifikiri juu ya Yona, namna alivyokuwa akicheka na mdomo umejaa chakula. Akafikiri juu ya kijiko kile cha wodini.

"Grisi ililetwa ili watu wasife," alisema mwishowe. "Sasa watu wanakufa, na imekaa humo ndani inasubiri uchunguzi. Siwezi kuiheshimu kuliko wale watoto. Ila sitafanya kwa kujificha. Nitafanya mchana, milango wazi, na nitamwita Mkaguzi mwenyewe aje aone."

Kitundu akasema huo ni wazimu. Eliwaza akakubali kwamba huenda ni wazimu, akachukua simu. Mkaguzi wa Mamlaka kwa wilaya ile aliitwa Rweyongeza, mtu wa makamo aliyetoka Bukoba, na ofisi yake ilikuwa mji wa jirani. Alipopokea, Eliwaza alimwamkia, akajitambulisha, akamweleza kesho asubuhi atafanya nini na kwa nini. Kisha Rweyongeza akamwomba asubiri, kwa sauti iliyoonyesha hata yeye amelichoka neno hilo. Eliwaza akamjibu kwamba atamkuta kazini, akakata simu.

3

Asubuhi milango yote miwili ya karakana ilikuwa wazi mpaka mwisho, na watu waliokuwa na ndoo tupu walikuwa wamesimama nje wakitazama. Eliwaza alilegeza skrubu za sikio kwa spana ndogo, akalivuta. Lilitoka kwa urahisi kuliko alivyotarajia. Taa yake nyekundu iliwaka, likapiga mlio mwembamba, na watu waliokuwa karibu walirudi nyuma. Aliliweka juu ya meza, mahali pa wazi, likaendelea kulia.

Kioo cha mashine kilififia, kikarudi na maandishi ya zamani ambayo Kitundu alisema hajawahi kuyaona: Tayari.

Wakafungua nyumba ya beringi. Grisi ya bluu ilikuwa imegeuka karibu nyeusi, na Eliwaza alipoisugua kati ya vidole aliisikia ikikwaruza. Waliichota yote, wakaitia kwenye kopo lenye kifuniko. Wakazitoa beringi, wakaziosha kwenye karai la mafuta ya taa, wakabadilisha mafuta, wakaziosha tena, mpaka gololi zikang'aa na mafuta ya karai yakabaki safi. Wakazikausha juu ya kitambaa kipya, mbali na mlango ili vumbi la chumvi lisizifikie. Eliwaza akachukua grisi nyeupe, akaanza kuisukuma ndani kwa kidole gumba, gololi moja baada ya nyingine, akajaza kila nafasi aliyoiona. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kujaza beringi za magurudumu ya lori. Za mashine hakuwahi kujaza kwa mkono. Grisi ya Mamlaka ilikuja kwenye vibomba vilivyopimwa tayari; fundi alichomeka na kubonyeza basi.

Walipokwisha kufunga, wakaiwasha. Skrubu ilizunguka, kisu kikaenda mbele na nyuma bila kulia hata kidogo, na watu wa nje wakatabasamu. Eliwaza aliongeza kasi, akabana shafti, akaanza kukata. Chuma kilitoka kwenye kisu kwa mikunjo mizuri. Kisha Kitundu, ambaye kiganja chake kilikuwa kwenye nyumba ya beringi, akakiondoa ghafla.

"Inaungua," alisema.

Eliwaza alisimamisha mashine. Aligusa mwenyewe, akaona kweli. Wakaipuliza kwa feni, wakangoja, wakawasha tena, na joto likarudi upesi kuliko mara ya kwanza. Hofu ikamshika. Kama beringi zingeungua hapo, hakukuwa na nyingine Munyu nzima, na mashine ingekuwa imekufa kwa mkono wake, mbele ya watu wenye ndoo.

Alipoinua macho alimwona mwanamume mwenye koti la kijivu la Mamlaka amesimama ndani ya mlango. Haikujulikana amekuwepo hapo kwa muda gani. Aliangalia sikio lililokuwa likilia juu ya meza, akaangalia kopo la grisi nyeusi, akaangalia mashine.

"Shikamoo, Mkaguzi," alisema Eliwaza.

"Marahaba, mama." Rweyongeza alisogea, akainama, akanusa karibu na nyumba ya beringi. Alikaa hivyo akiwaza, na usoni mwake ilionekana kwamba anapambana na jambo. Angeweza kukaa kimya tu. Sheria yake yote ingetekelezwa na ile beringi.

"Umeishindilia," alisema.

Eliwaza hakuelewa. Rweyongeza akavua koti, akaliweka juu ya meza pembeni ya sikio. Alieleza kwamba beringi ya kasi haijazwi kama gurudumu la lori. Grisi ikizidi haina pa kwenda. Gololi zinaichapa tu, na kule kuchapwa ndiko kunakoleta joto. Ijazwe theluthi moja ya nafasi, hivi, nafasi nyingine iachwe tupu. Halafu ianze kwa kuzungushwa na mkono, kisha polepole, kisu kiende urefu wote na kurudi ili grisi ijitandaze, ipumzike, ipimwe joto, ndipo kasi iongezwe. Yeye alijifunza hayo akiwa kijana, kabla ya vibomba vilivyopimwa.

"Kwa nini unaniambia?" Eliwaza aliuliza.

"Nimekuja kukuzuia. Sikuja kutazama beringi ikiungua." Alikunja mikono ya shati lake. "Nimepita hospitali njiani."

Wakafungua upya. Wakapunguza grisi. Kitundu alizungusha skrubu kwa mkono, taratibu, mpaka mabega yakamuuma, na Rweyongeza akiwa amekaa kwenye kigoda aliwaambia bado, bado, na hatimaye akasema sasa. Joto lilipanda kidogo, likasimama, kisha likashuka na kukaa pale pale. Eliwaza alikata shafti ya pampu mchana ule, akaikagua kwa kipimo, akaikagua tena, ikawa sawa. Wanaume waliibeba mabegani kwenda kisimani. Jioni kabla jua halijazama maji yalitoka, mwanzo mekundu kwa kutu, halafu meupe.

Rweyongeza hakwenda kuyaona. Alibaki karakana, akalifunga sikio kwenye kitambaa mpaka likanyamaza, akalitia begini pamoja na kopo la grisi. Alimwambia Eliwaza kwamba ataandika kila kitu alichokiona, pamoja na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha grisi ijazwe vipi. Watakuja kumchukua, si leo, lakini watakuja. Huenda wakamchukua hata yeye, Mkaguzi.

"Andika jina langu peke yake," alisema Eliwaza. "Kitundu alikataa. Mimi ndiye niliyeshika spana."

Kitundu alianza kupinga, Eliwaza akamwomba anyamaze.

Rweyongeza alivaa koti lake. Mlangoni alisimama, akageuka. Alisema kifungo si kitu kinachomsumbua zaidi. Kinachomsumbua ni kwamba kuanzia saa ile kulikuwa na mashine moja katika wilaya nzima ambayo hakuna anayejua inakata nini, na habari hiyo itasafiri haraka kuliko maji.

Eliwaza alimjibu kwamba milango haitafungwa. Mtu yeyote mwenye macho ataingia aone kilichopo kwenye taya za mashine. Rweyongeza alimtazama kwa huruma, jambo lililomuudhi Eliwaza kuliko kama angemtukana, kisha akaondoka.

4

Habari ilisafiri kweli. Wala aliyeifuata hakutoka mbali. Alikuwa Njiku, kamanda wa walinzi wa kisima, mtu aliyewahi kumbeba Eliwaza mabegani alipokuwa mdogo. Alikuja siku chache baadaye, asubuhi, na vijana wake wanne, akawaacha nje, akaingia akiwa na kitu kimefungwa kwenye kanga.

Eliwaza wakati huo alikuwa ameifungua nyumba ya beringi tena, kuangalia kama grisi imetulia. Mbele ya karakana walikuwepo watu kama kawaida ya siku zile: wakulima wenye gia za trekta, mama mmoja na mashine ya kusaga ya mkono, wazee waliokuja tu kuzungumza. Walimsalimia Njiku kwa heshima. Wote walijua kwamba majuzi wavamizi walikuwa wameshambulia bomba la kaskazini linalotoka kisimani ili kuiba maji, na walinzi wawili walikuwa wamezikwa. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Njiku, tumbo moja.

Eliwaza alimpa pole tena. Njiku aliipokea, akakaa, akaifungua kanga. Ndani yake mlikuwa na kipande cha ndani cha bunduki, kile kinachosukuma risasi mahali pake, kimepasuka. Aliongea kwa sauti ya chini. Alisema bunduki wanazo, za zamani, zimelala kwa sababu ya vipande kama hiki. Hakutaka mitutu. Hakutaka silaha mpya. Alitaka vipande hivi tu, na vikikatwa, wavamizi hawatarudi, na maji ambayo Eliwaza mwenyewe aliyaokoa yatabaki ya Munyu.

"Sikati hicho, kaka," alisema Eliwaza.

Njiku alikuwa ameyategemea hayo. Hakukasirika. Alimuuliza kama si yeye aliyevunja sheria kwa ajili ya watoto wa hospitali. Alimuuliza watoto hao watakunywa nini wavamizi wakilichukua bomba. Alimuuliza kama damu ya mdogo wake ni nyepesi kuliko ya Yona. Kila swali lilimchoma Eliwaza.

"Kama ni haki," alisema, "simama pale mlangoni uwaambie watu unachokitaka. Mchana huu, kwa sauti."

Alidhani Njiku ataona haya. Njiku alisimama, akaenda mlangoni, akakiinua kile kipande juu, akawaambia watu wote anachokitaka na kwa nini. Akamtaja mdogo wake kwa jina. Alipomaliza, mama mwenye mashine ya kusaga akasema, bila kumtazama Eliwaza, kwamba fundi amkatie. Mkulima mmoja akaitikia. Na mwingine. Mzee mmoja tu alitikisa kichwa kukataa.

Milango ilikuwa wazi, macho yalikuwepo, na macho yalikuwa yamesema kata. Eliwaza alimtafuta Kitundu. Kitundu alikuwa amesimama upande wa pili wa mashine, uso umekauka.

Njiku alirudi ndani. Vijana wake wanne wakaingia nyuma yake bila kuitwa. Alisema kwa upole kwamba Eliwaza anaweza kwenda nyumbani kupumzika. Mmoja wa vijana hao alisoma ufundi. Mashine sasa inamtii yeyote, si ndivyo.

Eliwaza aliinama, akaokota konzi ya mchanga pale chini karibu na mlango, mahali ambapo upepo ulikuwa ukiurundika kila siku. Akarudi nyuma ya mashine, akanyoosha mkono juu ya nyumba ya beringi iliyokuwa wazi, na gololi zikionekana humo ndani, nyeupe kwa grisi.

"Akisogea hata mmoja," alisema, "nauachia."

Watu wa nje waliinuka. Njiku alimwambia asifanye upuuzi, kwamba akiuachia mchanga ule pampu ikiharibika tena hakutakuwa na shafti nyingine, na watoto wale wale watakufa, na safari hii ni yeye atakayekuwa amewaua.

"Najua." Eliwaza hakuushusha mkono. "Nimeshakataa watu wenye magari na makoti ya kijivu, kaka Njiku. Waliniambia nisubiri huku watoto wanakufa, nikakataa. Wewe unaniambia nikate huku watu watakufa, nakataa. Kama Munyu wanataka bunduki, watafute fundi mwingine na mashine nyingine. Hii itakata pampu au itakufa hapa hapa, leo."

Chembe chache za mchanga zilikuwa zikipenya kati ya vidole vyake na kuanguka kwenye ukingo wa chuma. Kila mtu aliziona. Kitundu naye aliziona. Akazunguka mashine, akaja kusimama mbele ya Eliwaza, kati yake na vijana wa Njiku, mikono mitupu.

Njiku aliwatazama wote wawili. Ilionekana kama anataka kulia. Alikichukua kile kipande, akakifunga kwenye kanga polepole, akisema kwamba siku bomba litakapochukuliwa atakuja kumwita Eliwaza aje azike.

"Niite," alisema Eliwaza. "Nitakuja."

Waliondoka. Mama mwenye mashine ya kusaga aliinua mzigo wake akaondoka pia, na wakulima wawili wakamfuata. Yule mzee aliyetikisa kichwa alibaki, na watu wachache pamoja naye, wakiwa hawajui kama wakae au waende. Eliwaza alitembea mpaka nje, akaufungua mkono, akauacha upepo uuchukue mchanga wote. Alinawa kwa sabuni, akanawa tena, akakausha vidole kimoja kimoja kwa kitambaa safi. Alipofuta ukingo wa nyumba ya beringi alifanya kwa uangalifu sana, akivuta kuelekea nje, mpaka aliporidhika kwamba hakuna hata chembe iliyoingia.

Kitundu alimpa kifuniko, akamuuliza kwa sauti ndogo kama kweli angeuachia.

"Ndiyo," alisema Eliwaza.

Kitundu alikaza skrubu ya kwanza ya kifuniko, kisha ya pili. Kutoka barabarani, upande wa mji wa jirani, vumbi la magari lilikuwa limeanza kuonekana, na yule mzee mlangoni alilionyesha kwa kidole. Eliwaza alilitazama. Kisha akavaa miwani, akaweka chuma kipya kwenye taya za mashine, shafti ya akiba kwa ajili ya pampu, akazibana kwa nguvu zake zote.

"Washa," alimwambia Kitundu.